Kivuli cha Kitambulisho

Mambo haya hayakutokea hapa. Naanza kwa kulisema hilo ili baadaye tusije tukasumbuana. Yalitokea katika Jamhuri ya Shwari, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kufanyiwa marekebisho. Watu wa huko wakikutana asubuhi huulizana, "Mambo?" na jibu ni "Shwari," na sheria haikuweka jibu jingine. Hata mwenye kuumwa jino hujibu hivyo kwanza, kisha ndipo hushika shavu.

Katika nchi hiyo aliishi mzee Mwinchande, mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe zinazotobolewa kwa sindano tundu moja moja mpaka ua litokee. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na kipara. Sisemi kipara cha kubahatisha, kinachoanzia utosini na kuishia njiani. Chake kilitoka kwenye paji la uso kikaenda zake mpaka kisogoni, na huko kikaacha ukanda mmoja wa nywele, nao kwa bahati tu. Na kipara hicho kilikuwa kitendea kazi. Kila kofia aliyoimaliza aliivaa kwanza mwenyewe, akaizungusha mara mbili, akajua imekaa au haijakaa. Wateja wakifika walisema, "Nishonee ya kichwa cha Mwinchande," au, "Ongeza kidole kimoja juu ya kichwa cha Mwinchande," na mji mzima ulikielewa kipimo hicho.

Yeye na mkewe, Bi Pili, walijaliwa mtoto mmoja tu, Siwema. Siwema hakuwa na kaka wala baba mdogo, wala babu aliye hai. Alichumbiwa na Mahadhi, fundi redio, mtu mpole wa kusikiliza zaidi kuliko kusema. Siku Mwinchande alipompima kichwa mkwewe mtarajiwa akakuta ni sawasawa na chake, alifurahi kuliko siku aliyoletewa barua ya posa. Akaanza kumshonea kofia ya harusi kwa mkono wake mwenyewe.

Kilichobaki ni kuozesha. Na walii ni baba; yeye ndiye anayemwendea binti kumwomba idhini, na yeye ndiye anayeushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno. Mwinchande alijizoeza maneno hayo akiwa kazini. "Nakuozesha binti yangu Siwema," husema peke yake barazani, na akifika kwenye "binti yangu" sindano husimama kidogo. Maisha yake yote hakuwahi kutaka cheo chochote ila hicho cha dakika tano.

Lakini huko Shwari walii haamki tu akaozesha. Lazima athibitishwe na Idara ya Ulinganifu kwamba yeye ndiye yeye.

*

Hapa niwaeleze kidogo habari ya picha, maana ndiyo iliyoleta yote.

Kila ofisi ya Shwari ina picha ya Mtukufu Kiongozi ukutani, na picha hiyo ina miaka thelathini na saba. Ndani yake Mtukufu ana nywele nyingi na meno yote. Basi siku moja, katika sherehe ya kuzindua sherehe nyingine, upepo ukampeperushia Mtukufu kofia, na watu wakaona kilichokuwa chini yake. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa kusema bila kupima, akasema, "Kumbe naye anazeeka." Mwalimu huyo alihamishiwa shule ambayo bado haijajengwa, na nasikia mpaka leo anaisubiri.

Wiki ile ile Bunge likapitisha Sheria ya Sura ya Kudumu. Ilisema hivi: mtu na picha yake wakitofautiana, mwenye kosa ni yule aliyesogea, na kwa kuwa picha haijasogea ukutani tangu itundikwe, kosa haliwezi kuwa lake. Ili isionekane ni sheria ya mtu mmoja, wakaipanua iwaguse wananchi wote wenye vitambulisho. Wabunge walipiga makofi mpaka wengine wakateguka viganja, nao wakalipwa likizo. Mimi sisemi kitu, nasimulia tu.

Mwinchande alikwenda Idara ya Ulinganifu siku ya Jumanne, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akapokewa na afisa aliyeitwa Tindwa, kijana wa kama miaka thelathini, safi, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya uwalii."

"Vizuri sana. Naomba kitambulisho na kivuli chake."

Mwinchande alikuwa mtu wa kujiandaa. Akatoa kitambulisho, akatoa na kivuli alichokitoa asubuhi kwenye duka la mashine. Tindwa akairudisha ile karatasi kwa kidole.

"Nimeomba kivuli, mzee."

"Si hicho hapo?"

"Hii ni karatasi. Kivuli ni wewe." Akasema taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. "Zamani watu walidhani kitambulisho kinamfuata mtu. Sasa tumeelimika. Kitambulisho ndicho halisi, na mwananchi ni kivuli cha kitambulisho chake. Hebu simama pale kwenye mwanga tuone kama umetoka vizuri."

Mwinchande akasimama kwenye mwanga. Kitambulisho chake, kama vya wananchi wote wa Shwari, kilikuwa na mambo manne kutoka juu kwenda chini: picha, jina, alama za pekee, na umri kama ulivyoandikwa siku ya kutolewa. Utaratibu ulikuwa ni kusoma kuanzia juu, na kusimama penye tofauti ya kwanza. Tindwa hakwenda mbali. Alisimama kwenye picha.

Ilikuwa picha ya kijana mwenye nywele za mtindo wa zama zile, zimesimama pande zote kama mwamvuli.

"Mzee, hizi nywele ziko wapi?"

"Zimetoka, mwanangu."

"Zimetoka kwenda wapi?"

"Zimetoka tu. Umri."

"Kwa kibali cha nani?"

Mwinchande akashusha pumzi. "Sasa si mnipige picha nyingine, mambo yaishe?"

Tindwa akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi akaketi. "Hilo sikulisikia," akasema kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, wewe una binti wa kuozesha, usijitafutie makubwa. Tukisema picha yako imepitwa na wakati, tutakuwa tumesema kuna picha zinazopitwa na wakati." Wote wawili wakajikuta wanatazama ukutani, kisha wote wawili wakatazama chini.

Akapewa karatasi yenye muhuri: KIVULI HAKILINGANI. KIREKEBISHWE.

*

Kurekebisha kivuli, maana yake ilikuwa kupandikizwa nywele. Na kwa kuwa kupandikiza ni neno la shambani, kazi hiyo ilikuwa chini ya Wizara ya Kilimo. Wizara ya Afya iliwahi kudai kuwa kichwa ni chake, mabishano yakaenda mpaka mahakamani, na jaji akaamua kwamba kichwa kitupu kisicho na kitu juu yake ni ardhi.

Mwinchande akajaza fomu. Ukubwa wa shamba: akaandika kichwa kimoja. Aina ya udongo: akauliza, akaambiwa aandike kichanga. Mazao yaliyowahi kulimwa: nywele. Wanyama waharibifu: akafikiri kwa uaminifu, akaandika chawa, zamani. Mwishoni palikuwa na nafasi ya sahihi ya jirani anayepakana na shamba, na Bi Pili ndiye aliyeitia, kwa sababu usiku hulala upande wa kushoto.

"Mume wangu," Bi Pili akasema akirudisha kalamu, "hivi hakuna mtu yeyote serikalini anayeweza kukutazama tu akakujua?"

"Wananijua wote. Tindwa mwenyewe amevaa kofia yangu."

Aliyemfanyia kazi alikuwa Bibi Shamba Mkuu, mama mmoja anaitwa Nyamizi, aliyezeekea kwenye kupandikiza michungwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hilo lazima niliseme, kwa kuwa katika nchi ile sifa ya mtu hufichwa hata ikiwa njema. Alimlaza kifudifudi, akampiga sindano za ganzi, akakata kile kiukanda cha nywele cha kisogoni, sikio hadi sikio, akashona jeraha. Kisha wasaidizi wakaketi na kukigawa kiukanda kile miche miche. Baada ya hapo wakamgeuza chali, na Bibi Nyamizi akaanza kutoboa kipara tundu moja moja, akipachika mche kwenye kila tundu.

Ilichukua saa saba. Mwinchande hakusikia maumivu, ila alisikia mlio: tk, tk, tk. Aliujua. Kwa miaka arobaini alikuwa akiutoa yeye kwa sindano yake, na sasa alikuwa upande wa pili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akazionea huruma kofia.

"Unaumia, baba?" Bibi Nyamizi akamwuliza.

"Siumii. Nimechoka."

"Hata miti huchoka ikikatwa," akasema mama yule, na akaendelea.

Saa ya sita Waziri wa Kilimo aliwasili na ngoma, kwa kuwa kichwa cha Mwinchande kilikuwa kichwa cha mia moja na Wizara ilitaka kukizindua. Mheshimiwa alikuja na buti za shambani, akasimama mbele ya kitanda akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi. Wako watu wasiotutakia mema, wanaosema kwamba nywele hutoka. Leo tunawajibu kwamba nywele huingia. Serikali yenu sikivu imetoka kwenye kilimo cha kutegemea mvua, imeingia kwenye kilimo cha kutegemea utashi. Nimeambiwa hapa kuna miche elfu mbili na mia nne. Nasema haitoshi. Naagiza mavuno ya kwanza yawe kabla ya siku ya Uhuru."

Bibi Nyamizi akasema kwa heshima kwamba nywele haziagiziki. Waziri akacheka, akaandika jina la mama yule kwenye kidaftari, kisha akaomba kupanda unywele mmoja kwa mkono wake. Akaupanda chini kabisa, kwenye paji la uso, karibu na nyusi, peke yake. Watu wakapiga makofi, na Mwinchande akiwa chali akapiga pia, maana mwanajeshi mmoja alikuwa akimtazama. Kwenye ripoti ya mwaka unywele huo ndio uliotajwa kwa jina la Mheshimiwa. Ndio pekee ambao haukuota.

*

Wiki ya tatu nywele zote zikapukutika.

Bi Pili alizikuta juu ya mto asubuhi. Akaziokota moja moja akazifunga kwenye kitambaa, akidhani huenda zikadaiwa. Mwinchande akarudi Wizarani ameufunika uso kwa kiganja. Bibi Nyamizi akamtuliza, akamwambia ndivyo ilivyo, unywele uliohamishwa huanguka kwanza, mzizi ukabaki chini umelala, na ukishazoea mahali ndipo huchipua. "Miezi minne utaviona vichipukizi. Mwaka mzima ndio utaona nywele. Mimi sina dawa ya kuharakisha, na aliyeniambia niharakishe pia hana."

Wizara, kwa upande wake, ilitangaza kichwa cha Mwinchande kuwa eneo la ukame na kukipelekea magunia mawili ya mahindi. Magunia yalifikia kwa diwani.

Huku nyuma wakwe nao walikuwa wamechoka. Walikuwa watu wa staha, lakini walishaahirisha mara tatu, na kila wanapopita sokoni wanaulizwa. Baba yake Mahadhi akaja barazani, akaketi juu ya mkeka, akanywa kahawa vikombe viwili bila kusema neno. Kwenye cha tatu akasema.

"Mwenzangu, sisi tunakuelewa. Lakini jamaa zangu wanasema labda ndiyo namna yenu ya kutukataa bila kutuvunjia heshima. Tumekaa tukakubaliana tungoje mpaka Rajabu ya mwaka ujao. Rajabu ikitoka hatujaoa, tutajua tumekataliwa, na kijana tutamtafutia kwingine. Hatutagombana."

"Siwakatai," Mwinchande akasema. "Wallahi siwakatai. Ni kichwa."

"Ndiyo. Tumeambiwa ni kichwa."

Siwema alikuwa ndani anachambua mchele. Alisikia yote. Mgeni alipoondoka alitoka akaketi karibu na baba yake, akamwekea kiganja juu ya utosi mtupu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, siku zile alipokuwa akikipiga kipara kama ngoma na baba yake akijifanya analia.

"Baba, acha nikae tu nyumbani. Usijitese kwa ajili yangu."

"Kukaa utakaa kwako," akasema baba yake. "Niache nichipue."

Na akachipua, kweli. Mwezi wa tano zikatokeza kama ndevu za mtu aliyesahau kunyoa. Mwezi wa kumi na mbili zilikuwa nywele, tena nyeusi, kwa maana Wizara ilitoa na rangi. Alipojitazama kwenye kioo aliona kijana wa kwenye picha amemkalia kichwani. Watu njiani walimwambia amependeza. Lakini kofia zilianza kurudi dukani. Zote alizozishona tangu hapo zilikuwa kubwa. Kichwa cha Mwinchande kilikuwa si kile tena, na hakikuwepo kingine cha kupimia. Kofia ya Mahadhi aliimalizia kwa kukisia.

*

Akarudi kwa Tindwa. Tindwa akamsimamisha kwenye mwanga, akashika kitambulisho, akatazama huku, akatazama kule, uso ukamjaa furaha ya kweli.

"Mzee, umetoka safi. Hata wino haukumwagika. Picha: inalingana. Jina: linalingana. Alama za pekee: hana. Hebu geuka."

Mwinchande akageuka, na kimya alichokisikia nyuma yake akakielewa kabla hajaambiwa.

Kovu lilikuwa pale kisogoni, kutoka sikio hadi sikio. Kwa wengine kovu kama hilo hulala likawa mstari mwembamba. Lake lilikuwa limevimba, gumu, linang'aa, nene kama kidole cha mtoto, na usiku kucha lilikuwa likimwasha.

"Kitambulisho kinasema huna alama," Tindwa akasema kwa masikitiko. "Hili ni nini?"

"Ndipo mlipotoa nywele za kule mbele."

"Sisi?"

"Ninyi. Serikali. Nina karatasi yenu yenye muhuri, imeandikwa kirekebishwe."

"Mzee wangu, karatasi ilisema urekebishwe. Haikusema uonekane umerekebishwa."

Kulishughulikia kovu kulikuwa kazi ya Idara ya Kumbukumbu, kwa hoja kwamba kovu ni kumbukumbu, na katika nchi ya Shwari hakuna mwenye ruhusa ya kukumbuka wala kusahau bila fomu. Hapo alitakiwa kwanza atie sahihi tamko: Mimi, mwenye jina hapo juu, sijawahi kuumia. Aliuliza kama hajaumia anatibiwa nini. Karani akamwambia fomu ya maswali iko dirisha la pili, na dirisha la pili lilikuwa limejengewa matofali.

Akatia sahihi. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hatafuti tena maana, anatafuta foleni iko wapi.

Kwa miezi sita, mara moja kila mwezi, muuguzi alimchoma sindano ndani ya kovu lenyewe ili liyeyuke. Sindano ile ilikuwa inaingia kwa shida kama inaingia kwenye ngozi ya kiatu, na hapo hapakuwa na ganzi, kwa vile asiyewahi kuumia hapewi ganzi. Mwezi wa kwanza aliguna.

"Umia kimya, baba," muuguzi akamnong'oneza. "Wataandika."

Akaumia kimya. Katikati ya sindano na sindano alibandika plasta ya kulaza kovu, akalala kifudifudi kama mtoto mchanga. Taratibu kovu lilishuka. Mwisho wakampigia chale ndogo ndogo za wino mweusi juu yake, nukta kwa nukta, ili ukitazama udhani ni mizizi ya nywele. Ukitazama hulioni. Ukipitisha kidole unalipata lote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuwasha hakukuisha, lakini kuwasha hakumo kwenye fomu.

Akapewa cheti: ALAMA: HANA. Siku hiyo zilikuwa zimebaki siku tisa Rajabu iishe.

*

Harusi ikapangwa upesi upesi, siku ya ishirini na nane Rajabu, baada ya swala ya adhuhuri. Masufuria ya pilau yakapanda mekoni tangu alfajiri. Mikeka ikatandikwa barazani, wakwe wakaja, shehe akaja, Mahadhi akaketi katikati amevaa kofia mpya iliyokuwa ikimshuka hadi kwenye nyusi, akawa anaipandisha kila mara bila kumwambia mtu kitu. Mwinchande akaiona. Akatazama pembeni.

Tindwa naye akafika na mkoba wake, kwa kuwa uthibitisho wa mwisho hufanywa papo hapo mbele ya mashahidi. Wakaingia chumba cha pembeni, yeye na Mwinchande na Bi Pili. Tindwa akaomba vitambulisho viwili, cha walii na cha bibi harusi, akaviweka sambamba juu ya meza.

"Picha: inalingana. Jina: linalingana. Alama za pekee: hana." Alipitisha jicho kisogoni, akaridhika. "Sasa umri."

Katika safari zote zile hawakuwahi kufika mstari huo. Tindwa akausoma, akakisogeza kitambulisho karibu na dirisha, akausoma tena. Akatazama na cha Siwema. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, lakini Bi Pili alimwona.

"Hapa pameandikwa miaka ishirini na minne."

"Ndiyo niliokuwa nao siku ya picha," Mwinchande akasema.

"Na cha binti kinasema kumi na minane."

"Ndiyo aliokuwa nao siku ya picha yake. Sasa ana ishirini na minane. Mimi nina sitini na mitatu."

"Kwa kitambulisho kipi?"

Mwinchande akavitazama vile viwili juu ya meza.

"Ishirini na minne, toa kumi na minane," Tindwa akasema. "Ulimzaa ukiwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita hazai. Wewe huwezi kuwa baba yake."

Bi Pili akaketi juu ya kitanda. "Mwanangu Tindwa," akasema, "mimi ndiye niliyemzaa yule. Niulize mimi."

"Mama, naomba usinitie majaribuni, na wewe kitambulisho chako sijakiona." Akajifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya; harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani, watu wamekaa juu ya mikeka, na yeye mwenyewe hakutaka siku iharibike. Akafikiri sana. Kisha uso wake ukafunguka. "Lakini linawezekana. Baba asipokuwepo, kaka ni walii. Mmepishana miaka sita, jina la ukoo ni moja, nyumba ni moja. Wewe ni kaka yake. Naandika baba hayupo, kaka anaozesha. Mambo yamekwisha."

"Baba yupo," Mwinchande akasema. "Ndiye huyu anayeongea."

"Nikiandika hivyo, naandika kwamba kitambulisho kimekosea. Basi harusi haipo, na mimi na wewe tutaondoka hapa kwa gari moja." Akaisukuma kalamu mbele. "Baba, kaka. Tazama mwenyewe. Ni herufi mbili tu, kijana."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kusudi, lakini lilipokwisha kutoka Tindwa akaona kumbe ndilo lenyewe. Akakaa wima kwenye kiti. Yeye alikuwa na miaka thelathini na moja, na aliyesimama mbele yake, kwa mujibu wa nyaraka, alikuwa na ishirini na minne. Akangoja. Ilichukua muda kidogo Mwinchande kuelewa kinachongojwa.

Akamtazama mkewe. Bi Pili alikuwa ameinama, anakunja ncha ya kanga, anaikunjua. Nje baba yake Mahadhi alikohoa mara mbili. Rajabu ilikuwa imebakiza siku mbili.

"Shikamoo," Mwinchande akasema.

"Marahaba," Tindwa akaitikia, akaandika.

Kisha wakamwendea bibi harusi kuomba idhini, Mwinchande mbele, Tindwa nyuma yake na daftari. Siwema alikuwa ameketi nyuma ya pazia pamoja na shangazi za bwana harusi, amefunikwa ushungi, hina imemkolea mikononi. Maneno Mwinchande alikuwa nayo tayari kwa miaka miwili. Akafungua kinywa akaona neno moja limeng'olewa katikati.

"Siwema," akasema. "Siwema, dada yangu. Unaniruhusu nikuozeshe kwa Mahadhi?"

Chini ya ushungi pakawa kimya. Wanawake wakatazamana. Kwa desturi bibi harusi akinyamaza huhesabiwa ameridhia, na pengine ingeishia hapo, lakini Siwema hakutaka baba yake aondoke bila kujibiwa.

"Nimekuruhusu, baba," akasema.

Kalamu ya Tindwa ikasimama. "Bibi harusi amemjibu nani?" akauliza kwa upole. "Baba hayupo. Naomba arudie, nimwandike vizuri."

Siwema akainua ushungi kidogo. Akamwona baba yake na nywele zake nyeusi, jasho linamchuruzika shingoni, anamwomba kwa macho. Alikuwa amejua muda mrefu kwamba mtu huyu angefanya lolote apate kusimama mahali pale. Machozi yakamtoka, na sauti ikawa ndogo.

"Nimekuruhusu, kaka."

"Ahsante," Tindwa akasema, akaandika.

Wakarudi barazani. Mahadhi akapandisha kofia, akanyoosha mkono, Mwinchande akaushika, shehe akatoa ishara. Kila mtu akanyamaza kumsikiliza walii. Hapo ndipo kisogo kikaanza kumwasha, kutoka sikio hadi sikio, vibaya kuliko siku zote. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu juu ya goti. Hakujikuna, kwa sababu kwenye kitambulisho hana kovu.